Thawabu za Kisima Chako

Mke wangu Mwanaidi,

Shikamoo sikupi, nnakuzidi umri. Ila salamu pokea, na mwandiko usiucheke. Skuli niliiacha mwenyewe, haikunifukuza.

Unakumbuka tulipochimba kile kisima ukingoni mwa msitu, huku jirani na Jozani? Mie nilitaka kutia kufuli. Ukanambia, "Maji hanyimwi mtu, hata mvivu kama wewe." Ukakitoa sadaka, ukaweka na mtungi barazani kwa wapita njia. Kila asubuhi ukiugeuza juu ya moshi wa ubani ndipo uutie maji, yanukie. Ulipofariki nikajiambia, maadamu watu wanakunywa, thawabu zinakufika. Basi nikawa naufukiza mie, mwanamme mzima, macho yananiwasha.

Wakaja wachimbaji wa gesi na mtambo wao msituni. Haukupita muda, maji yakaanza kunuka yai viza, juu yana utandu wa mafuta. Mwenye akili angepiga kelele. Mumeo akaongeza ubani. Niliogopa, Mwanaidi. Wakiacha kunywa, fungu lako si ndiyo limekatika? Nikaufukiza mtungi mpaka maji yakanukia kama bi harusi.

Jirani yetu Bi Tatu akawa anakuja kunywa, anayasifu, kisha anarudi kwake kajishika tumbo. Hapo usingizi ukanikimbia.

Wapimaji wa maji walipokuja, wakatuita mkutanoni, sisi na wachimbaji, wakauliza: maji yana harufu?

"Ya Mzee Makame?" Bi Tatu akadakia. "Yananukia hayo!"

Wachimbaji wakatabasamu. Nikasimama. "Huo ubani wangu. Maji yameoza, mie ndiye niliyekuwa nauficha uvundo."

"Shetani mkubwa wewe! Siku zote hizo unaninywesha uchafu?"

"Nlikuwa namchumia mke wangu thawabu."

"Kwa tumbo langu?"

Walicheka mpaka wapimaji. Lakini maji waliyachota, wakayapima, na mtambo ukasimamishwa. Kisima kimefunikwa mpaka kisafike. Tunaletewa maji kwa gari, na tumbo la Bi Tatu limetulia, ulimi ndio bado.

Siku hizi nimeweka kiti changu pale kisimani. Akitokea mtu na ndoo namwambia, "Rudi, haya hayanyweki." Juzi nikamuuliza Bi Tatu kama sadaka yako ndiyo imekwisha.

"Kumkinga mtu na madhara nako sadaka," akanijibu. "Hata hilo hulijui, na mvi zote hizo?"

Tangu siku hiyo nalala mpaka nakoroma. Ila ujue, kila ninayemrudisha, thawabu zake tunagawana nusu kwa nusu: kisima chako, koo langu. Nakujua, hutokubali, tutagombana nikija. Wewe jitayarishe tu. Mie sina haraka.

Mumeo, mbia wako kwa lazima,
Makame