Mama Hakupigwa Picha

Jumanne, 10 Juni 1980

Mpiga picha wa vipande vya kitambulisho amefika hapa kwetu Wusi. Wanawake nao sasa wanaandikishwa – siku zote kipande kilikuwa cha wanaume tu. Foleni imetoka kwa chifu mpaka dukani. Wote wamejipaka mafuta, wamevaa za kanisani. Mama mdogo Peris alicheka mbele ya kamera akagombezwa, akaambiwa kipande si harusi. Akapigwa tena, safari hii amenuna kama aliyenyimwa chai. Akaomba na nakala ya kuweka nyumbani.

Na mimi nikapigwa. Nikarudi kwa cherehani yangu, nikakaa tu, nisishone kitu.

Mama alikufa Agosti iliyopita. Mwaka mmoja tu, Mama, ungengoja mwaka mmoja! Ameishi mpaka mvi na hana picha hata moja. Si ya harusi, si ya ubatizo, hata ile ya kuonekana sikio nyuma ya mtu mwingine hana. Kila kamera ilipokuja huku juu yeye alikuwa shambani. Asiyekuwepo na lake halipo.

Jioni Fanuel akaanza. Kaka yangu huyu ni karani Mombasa, amekuja likizo ya siku mbili na ameleta maneno ya mwaka mzima. Tarehe tisa Agosti ni ibada ya kumkumbuka Mama na kujengea kaburi. Mchungaji atakuja, wakubwa wake wa kazi watakuja. Lazima picha ya Mama iwe ukutani sebuleni. Picha gani? Nikasema basi, nitamchora mimi. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Eti Wakio anajua kuchora nini zaidi ya pindo za magauni?

Nitamchora. Ng'o, hanishindi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaribu na chaki ya kukatia nguo, juu ya kitambaa cheusi kilichobaki. Kimetoka kiazi kitamu chenye macho. Nikapangusa. Kiazi kingine!

Nimekwenda kwa Mwalimu Oloo, yule Mjaluo anayefundisha kuchora pale shule ya msingi. Amekubali kunifunza. Nami nimshonee suruali, na mkewe gauni la kuendea kwao. Nikamwambia yeye anakula pande zote mbili. Akasema hapo ndipo penye funzo la kwanza – angalia pande zote.

Jumapili, 22 Juni

Yai. Wiki nzima ananichoresha yai! Nimelichora juani, nimelichora kivulini, jana nimelipika nikalila kwa hasira. Leo akanipa lingine.

Lakini sasa naona kitu. Zamani nilikuwa nazungushia mstari kama ninayekata kola. Oloo anasema yai halina mstari, lina mahali giza linapoanzia. Nimelaza penseli ubavu, nikapaka polepole, nikafuta kidogo na mkate – ndiyo, mkate ndio anaofutia – na yai likakaa mezani. Likakaa kabisa! Nimefurahi peke yangu kama mwehu. Baba akauliza nacheka nini. Nikamwambia yai. Akaondoka.

Jumatatu, 30 Juni

Penseli inanipa Mama wa karatasi, mweupe hata midomo. Mama hakuwa hivyo. Nikakwangua masizi ya sufuria nikakoroga na maziwa. Weusi mzuri, lakini sisimizi wamekuja wakala shavu. Buluu ya kufulia nikaipaka kwenye leso yake, ikasambaa mpaka shingoni. Maiti!

Donald wa lori la mboga ameniletea kopo la udongo wa Voi, ule mwekundu wa kule chini. Nimeuchekecha kwa kitambaa, nikautia ute wa yai na masizi kidogo. Ngozi ile! Ile ile ya mkono wake akitoka kulima. Nililia hapo hapo, kidole bado kimo ndani ya kopo.

Kisha nikamwonyesha mama mdogo Peris karatasi nzima. Amegeuza hivi, amegeuza vile. "Ni mke wa chifu?"

Jumatano, 9 Julai

Pengo la Mama lilikuwa juu kulia. Peris anasema kushoto. Fanuel amepigiwa simu kutoka posta, anasema Mama hakuwa na pengo. Hakuwa na pengo! Yeye Fanuel alikula kwa mkono wa nani miaka hiyo yote?

Nimemwuliza Baba. Amefikiri sana. Akasema Mama yako alikuwa mwepesi wa hasira, na akishakasirika anapika vizuri. Ndiyo sura yote niliyopata kwake.

Jumapili, 13 Julai

Sijui hata niandike vipi bila kuchana karatasi.

Fanuel amekuja na mkewe, Jedidah. Nikamwonyesha michoro, yote, kumi na kitu. Hakuketi. Alisimama akaipitisha kama anayehesabu mizigo. Akasema nimejitahidi. Nimejitahidi! Akasema amempata msanii wa kweli huko mjini, ana duka na kibao mlangoni, anachora kwa rangi za mafuta. Kwa kutazama nini, nikamwuliza. Akatoa mfukoni ile nakala ya mama mdogo Peris. Ndugu wa tumbo moja, sura ni hiyo hiyo, fundi atamzeesha kidogo.

Nikamwambia Mama yako na Peris walifanana kama jembe na kijiko. Akasema wageni hawatajua. Nikasema mimi nitajua. Akaniambia, Wakio, hili si jambo lako peke yako. Na Peris ameketi pale, anaona haya na anaona fahari, vyote pamoja, anavuta leso.

Nimemtupia Fanuel maneno. Nilimwambia ulikuja kwa Mama Krismasi kwa Krismasi na viatu vya kung'aa, sasa unamnunulia uso. Jedidah akanishika mkono, mkono wenyewe laini. Nikautoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimempelekea Oloo michoro na hasira zangu. Ameitazama muda. Akasema mkono umeshakuwa mkono, tatizo si mkono. Macho haya ni ya kwenye vitabu, pua hii ni ya kila mtu. Chora ulichokiona, akasema. Nikamjibu nilimwona mama yangu maisha yangu yote! Akauliza lini. Mlikuwa mkikaa mkitazamana?

Nimetoka bila kuaga. Suruali yake ataingoja.

Jumanne, 22 Julai

Nimejua!

Lini nilimtazama Mama usoni? Akila, amegeukia moto. Akinisema, mimi natazama chini, ungetazama wapi? Kwenda shambani, njia ya mtu mmoja, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenda mtoni, yeye mbele. Kanisani, kwa bibi, hospitali Wesu nilipokuwa na surua – yeye mbele, anasema bila kugeuka, twende, twende. Mama yangu nilimwona mgongo!

Karatasi ilikuwa ndogo. Nikachukua kaa la mekoni nikaanza ukutani, hapa jikoni, juu ya udongo wenyewe. Sikufikiri. Jembe amelilaza kiunoni, viwiko vimelishika kwa nyuma, anapanda mlima. Bega la kushoto liko chini, lile lililovunjika alipoanguka mlima Iyale na kuni. Fundo la leso liko ubavuni, si mbele. Kisigino cha kulia kinatoka nje. Shingo nikaiwekea udongo wa Voi kwa kidole, na miguu pia.

Nilipomaliza nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Nusura nimwambie Mama, ningoje.

Alhamisi, 24 Julai

Peris alikuja kuomba moto asubuhi. Aliingia, akasema, "Dada, leo umewahi!" – kisha akashika mdomo. Akakaa chini sakafuni na kijinga cha moto mkononi mpaka kikazimika.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Hakuna! Hata mke wa Donald, mwenye maneno yake, alisimama akasema tu, "Anakwenda shamba la chini huyo."

Baba siku hizi anakula jikoni. Tangu msiba alikuwa anapelekewa sebuleni. Haongei. Anaweka kigoda nyuma ya Mama kidogo, kama watu walioko safarini, anakula.

Nimepiga simu kwa Fanuel kutoka posta nikamwambia. Mgongo? Akarudia, mgongo? Nani anatundika mgongo sebuleni, Wakio, watu wataona tumemfukuza mama yetu. Halafu waseme nina hasira za bure.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika na chokaa vidoleni.

Asubuhi nilishuka Wundanyi kuchukua sukari na majani ya chai ya kesho. Huku nyuma Fanuel na Jedidah wamefika mapema na gari la kazini. Jedidah, Mungu ampe anachostahili, akaona atusaidie. Akafunga leso kiunoni, akakoroga chokaa. Sebule. Choo. Jikoni.

Nimefika ukuta ni mweupe. Mweupe wote, unadondoka. Yeye anatabasamu na chokaa puani. Alidhani watoto wamechezea makaa. Nikamwuliza uliona nini pale, hukuona mtu? Akasema aliona michirizi. Akaanza kulia, shemeji nisamehe, mimi sikumjua mama vizuri.

Na ni kweli, hakumjua! Hapo ndipo panaponiua. Siwezi hata kumchukia kwa raha.

Fanuel akasema si ni mimi niliyemchora, basi nichore mwingine baada ya wageni. Kama kushona kifungo.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika jikoni, mchana, daftari juu ya gunia la mahindi. Nje wanaimba.

Picha imetundikwa. Fremu ya dhahabu. Mwanamke mzuri sana. Ana mkufu, Mama hakuwahi kuvaa mkufu. Midomo imefungwa, amenuna, ni Peris yule wa foleni, ametiwa mvi. Watu wanaingia wanashika vifua. Ndiye! Ndiye kabisa, mchungaji naye, ndiye! Wale wale waliosimama jikoni kwangu juzi. Hata mke wa Donald. Hata Peris amelia mbele yake, analia mbele ya uso wake mwenyewe!

Nilitoka nje nikafumba macho nimtafute Mama. Akaja yule wa fremu. Nikamfukuza, akarudi na mkufu wake. Uso kidogo niliokuwa nao wameuchukua. Mungu wangu, nilikuwa na kidogo tu.

Baba walimkalisha kiti cha mbele. Ameitazama picha, akamwuliza Fanuel kwa sauti huyu ni nani. Watu wakakohoa. Fanuel akamwambia mchungaji ni macho ya uzee. Baba akainuka, akashika fimbo, akaja huku.

Alisimama mlangoni. Akatazama ukuta. Akaniuliza, "Amekwenda wapi?"

Nikachukua kaa mekoni. Chokaa bado ni mbichi, kaa linateleza, linaacha ukungu tu. Nikaongeza kuni nyingi nikazisogeza ukutani pakauke. Ndipo nikakaa kuandika, nisije nikapiga kelele.

Lakini mgongo hawakuuleta kutoka Mombasa. Nimefumba macho tena sasa hivi, nimeangalia. Bado anapanda.

Fanuel amegonga. Mchungaji anangoja chai, na mtoto wa marehemu aje aseme neno mbele ya picha. Nimesema nakuja. Baba amevuta kigoda, amekiweka mlangoni, ameketi juu yake, mgongo kwa mlango. Mlango haufunguki.

Nimeanza tena na kaa. Baba anasema bega la kushoto, chini zaidi.

Juu pamekauka. Bega limeshika. Huku kwenye miguu bado maji maji. Fanuel anagonga tena, sasa kwa ngumi, na Baba hageuki, ananiambia haraka mwanangu, haraka, Mama yako ataniacha