Masizi ya Chungu

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimenifikia. Hapa Mambrui sote wazima, ila mimi roho haijatulia.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu wa mambo ya kale anawakataza kuosha mnachofukua. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, babu yako alichimba choo akapata chungu cha watu wa zamani, kimeshika masizi. Tukaambiwa mtaalamu atakuja kukitazama. Niliona haya mgeni akute chombo kichafu kwangu, nikakisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka kikatakata. Mtaalamu alikigeuzageuza, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, masizi yako wapi? Hayo ndiyo yangetuambia walipika nini."



Jana mafundi wa ami yako, wakichimba msingi, wamefichua chungu kingine. Kimelala kwenye majivu na miiba ya samaki. Wingu limetanda, mafundi wananung'unika, na mama yako ameshateka ndoo ya maji. Nimeweka kiti changu ukingoni mwa shimo, sibanduki.

Fanya haraka uje, mwanangu. Mimi ni mmoja, na watu wa nyumba hii wote ni wasafi.

Nyanya yako