Kiti cha Mbele

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hujambo wewe? Na shemeji je, mgongo umempa nafuu? Wabusu watoto wote, na yule mtundu wa mwisho mwambie mama mdogo anamwona hata kutoka huku. Sisi tunasukuma siku. Hatuumwi, ila mimi nimechoka, dada. Nikitoka kazini navua viatu na kukaa papo hapo mlangoni, mpaka shemeji yako ananiuliza kama nimehamia hapo.

Dobini kwetu kuna meneja mpya, naye kaja na mambo yake. Anasema tulikuwa tunaishi kama vijiji: wafuaji kivyao, wakunjaji kivyao, madereva kivyao, na waliotoka mbali wanakula peke yao. Hapo hakusema uongo. Basi akatuchanganya wote kama nguo nyeupe na za rangi, jambo ambalo dobi yeyote angemkataza. Timu moja akanikabidhi mimi: dereva asiyejua kunyamaza, bibi mkunjaji anayekaribia kustaafu, mfuaji mgeni ambaye lugha yetu bado inampiga chenga, na mpiga pasi ambaye hasikii kabisa tangu utotoni.

Mpiga pasi ndiye aliyenitoa jasho. Kazi yake haina kasoro. Shuka ikipita mikononi mwake huoni hata kunyanzi. Lakini kwenye mkutano wa asubuhi alikuwa ananuna tu, anaangalia sakafu. Dereva akalalamika kwamba oda inabadilika, gari linapakia, mwenzetu hana habari. Meneja akaniambia mwisho wa mwezi nimpe jibu, abaki au aondoke. Ana watoto, dada, na hana mwingine wa kumshika mkono.

Ajabu ni kwamba tulidhani tunamheshimu. Tulimpa kiti cha mbele kabisa, uso kwa uso na meneja, ili ajione mwenzetu. Asubuhi moja akasimama, akakiburuta kile kiti hadi ukutani na kukigeuza atutazame sisi. Dereva akasema sasa ametususa waziwazi. Mimi nikayaangalia macho yake, yakawa yanaruka kutoka mdomo wa huyu hadi wa yule. Ndipo akili ikanijia. Anasoma midomo, na sisi kwa heshima zetu tulikuwa tumemweka mahali ambapo midomo yetu yote iko kisogoni kwake.

Nikapanga viti duara, na anayetaka kusema ainue mkono kwanza. Dereva alicheka kwamba tumerudi chekechea. Lakini yule mgeni naye akaanza kutuelewa, na bibi mkunjaji akagundua kwamba mpiga pasi ana utani kutushinda sote. Nikamwambia meneja abaki, naye akakubali. Nilitoka ofisini kwake nikajifungia stoo, nikalia.

Sikulia kwa ajili yake. Kwenye ule mduara nilifuata mkutano mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho sikumbuki mara ya mwisho kilinitokea lini. Masikio yangu yanakufa, dada. Miaka yote kando ya mashine za kukaushia imeyamaliza, nami nimekuwa nikitikisa kichwa na kucheka wengine wanapocheka. Sikumwambia mtu yeyote, hata shemeji yako. Mpiga pasi peke yake ndiye aliyenigundua. Siku ile ya duara alinishika bega, akagusa sikio lake, akaninyooshea kidole.

"Na wewe?" aliniuliza.

Nikakataa kwa kichwa. Hakunisadiki, akanivutia kiti mahali penye mwanga.

Jumatatu meneja anataka niwaeleze wasimamizi wenzangu wazo lile nililipata wapi. Nitasema ukweli, hata kama nitamwaga unga. Kuigiza kumenichosha kuliko kufua.

Lakini nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua. Uliponipigia simu juzi ulizungumza muda mrefu, nami nikawa nakujibu haya, sawa, hamna neno. Sikushika hata kitu kimoja. Kama ilikuwa heri, sijaifurahia pamoja nawe. Kama ulikuwa unalia, nilikujibu hamna neno. Nisamehe, uniandikie upya, yote uliyoniambia.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda.