Leseni Ni ya Mtu

Juba, Sudan
17 Novemba 1974

Kwa kaka yangu Mwadime,

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke Mwatate. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Mama je, goti lake limepata nafuu? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma na vumbi la huku limehamia kifuani.

Kaka, nina habari, na nakuomba usome barua hii mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua kazi yetu ni kubeba kifusi cha kutengenezea barabara. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, serikali iliamuru magari yote yahame kutoka kushoto kwenda kulia. Sisi tuliotoka Kenya na Uganda tulipata taabu. Kila asubuhi nilijifunga uzi wa mkonge kwenye mkono wa kulia, ule uzi niliofungia mzigo wangu kutoka nyumbani, ili nikishika usukani niuone na kukumbuka upande. Keji, mama anayetuuzia chai mtaa wa Hai Jalaba, alinicheka sana. Alisema Wakenya hufungwa kamba kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Nikamjibu kwamba mbuzi wa Kenya angalau anajua kuendesha lori.

Julai ya mwaka huu ikaja amri nyingine. Kila mgeni mwenye kibali cha kazi cha muda, kama anaendesha gari kubwa, apeleke leseni ya kwao ofisi ya trafiki, atahiniwe upya, kisha apewe ya hapa. Na hiyo itakufa siku kibali kitakapokwisha. Sheria ni sheria, sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulikuwa na Cirillo, msimamizi wetu. Alitukusanya akasema kwamba leseni zote, za zamani na mpya, atazifungia yeye kwenye kabati lake la chuma. Sababu tuliijua. Kulikuwa na kampuni nyingine ng'ambo ya mto iliyokuwa ikitafuta madereva, na dereva asiye na leseni mkononi haendi popote.

Wenzangu wanane walitoa zao. Konga, ninayelala naye chumba kimoja, alinikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwambia Cirillo mbele ya watu wote, "Leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Kabati lako halijawahi kushika usukani."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma. Akasema nipeleke kiburi changu trafiki, na nisipopata leseni ya hapa kufikia Ijumaa, nitapakiwa kwenye lori la kwenda Nimule, mpakani, nirudi kwetu.

Nilikwenda. Mtahini alikuwa Afande Lado, mtu aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko. Alipanda, akakaa kando yangu. Niliendesha vizuri, kulia tupu, mpaka lori la maji lilipochomoza ghafla kwenye kona. Mikono yangu ikarudi nyumbani, nikakata kushoto. Tulisimama pua kwa pua. Afande aliutazama ule uzi mkononi mwangu, akaniuliza, "Wewe iko dereva, ama kamba ndiyo iko dereva?"

Hata hivyo alikubali kunijaribu tena siku ileile. Tulirudi ofisini kwanza, akafungua daftari, akachukua leseni yangu ya Kenya na kuanza kunakili jina. Hapo, kaka, yale maneno niliyomwambia Cirillo yalinirudia mwenyewe. Leseni ni ya mtu. Nikamwomba Afande aweke kalamu chini.

Jina alilokuwa akiandika lilikuwa lako.

Leseni yako hukuipoteza. Niliichukua mimi, katika koti ulilolitundika msumarini siku ya matanga ya baba. Kibali changu kiliandikwa kutokana nayo, na Juba nzima iliniita Mwadime. Mama aliponiandikia kwamba umekaa miezi mitano bila kazi ukingoja leseni nyingine, niliikunja barua yake nikaenda kazini. Hilo linanitesa, na kwa hilo naomba msamaha wako. Kwa kushika usukani sikuombi. Ulisema mbele ya vibarua wenzangu kwamba mikono yangu ni ya panga la mkonge, na mara tatu ulikataa kunipeleka kutahiniwa. Mikono hiyo imetengeneza barabara wanayopita watu.

Afande Lado alilifunga daftari. Kisha akaniambia kwamba kule Uganda yeye alilipa kodi miaka saba kwa jina la marehemu, na siku aliyovuka mpaka kurudi kwao alilitamka jina lake mwenyewe njia nzima ili alizoee. Lakini hakuniachilia hivihivi. Alifuta kibali kile, akanipa ruhusa ya kukaa miezi mitatu kama kibarua, nisiguse usukani, ndipo nirudi kutahiniwa kwa jina langu. Leseni yako akanikabidhi, akasema, "Hii rudisha kwa mwenyewe."

Badala ya lori la Nimule, Cirillo alinipa koleo huku akitabasamu. Miezi mitatu nilipakia kifusi kwenye lori nililokuwa nikiliendesha. Keji akaniuliza mbuzi ameshushwa sokoni lini. Nilimwambia bado hajauzwa.

Jumatano iliyopita nilitahiniwa, bila uzi mkononi, na nikafaulu. Leseni iko mfukoni mwangu. Cirillo aliniomba aihifadhi. Nilimwonyesha jina, nikairudisha mfukoni.

Yako sikuitia katika bahasha hii, maana ilikwisha safiri vya kutosha bila mwenyewe. Nitaileta mkononi. Ukitaka kunipiga, ipokee kwanza, halafu nipige, sitakimbia. Nisalimie mama, umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine.

Kibali changu kipya kinakwisha tarehe thelathini Aprili. Kufikia tarehe kumi Mei nitakuwa Mwatate.

Ni mimi mdogo wako,
Righa, dereva