Nilijibu "Laso" Pale Kamba Zilipoishia

Mpendwa Shangazi Doma wa redioni, naomba unisaidie, na usinicheke kabla sijamaliza, maana mke wangu amekwisha kunicheka kwa niaba ya kijiji kizima.

Mimi ni mwongoza wapanda milima, nina miaka arobaini na tisa, shule niliishia darasa la tano, na miaka ishirini na sita nimepandisha wageni nikawarudisha wote hai, kwa baraka si kwa ujanja wangu, maana sijawahi kukanyaga barafu kabla lama, mtawa wetu, hajasoma sala kambini na sisi kupakana unga mashavuni. Sasa majira haya nikampandisha mama mmoja wa Poland, Jadwiga, mwalimu mstaafu, mjane, namwita dada, mtu mwema anayekula viazi vyetu na pilipili mpaka machozi yamtoke na bado anaomba vingine, tukafika pale kamba za kupandia zinapoishia, na pale Shangazi pana kichuguu cha theluji ukikiona utaapa ni kilele, kumbe kilele chenyewe kiko mbele, kama nusu saa hivi, juu ya mgongo mwembamba. Siku ilikuwa shwari, siwezi kusingizia upepo, na dada bado alikuwa na pumzi. Kwenye mgongo ule ndiko alikobaki kaka yangu miaka minane iliyopita, jina lake hatulitaji tena, basi. Dada akavua barakoa ya oksijeni akaniuliza, "Ongchu, ndiyo kilele hiki?" Nikajibu, "Laso."

Wewe unajua, Shangazi, laso tunaisemea kila kitu, lama akituita laso, mama mkwe akitugombeza laso, ni kusema nimekusikia, mheshimiwa, mimi sikusema ndiyo, lakini yeye akalia, akanikumbatia, akatoa miwani ya marehemu mumewe akaifunga kwenye kamba ya vibendera vya sala, vioo vikielekea mbele, eti mzee naye aone dunia yote, na mimi nikanyamaza, ningesema nini?

Sasa amerudi kwao, ameniletea karatasi. Chama chao cha wapanda milima kinataka shahidi aandike kwa mkono wake kwamba alifika juu kabisa, ndipo wamwingize kwenye kitabu chao mbele ya wanafunzi wake wa zamani, na karatasi inatakiwa iondoke na ndege ya Jumamosi. Mke wangu anasema, "Si ulisema laso? Basi andika laso, tuone hao Wapolandi wataisomaje!" Nikaenda kwa lama, akaniuliza tu, "Mdomo wako ulisema nini, na masikio yake yalisikia nini?" nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nikisaini, nimeuongopea mlima niliouomba ruhusa. Nisiposaini, namvunja moyo mjane. Au sikudanganya, Shangazi? Kila asubuhi nazungusha magurudumu ya sala, nikifika la mwisho nimesahau nilikuwa naomba nini.

Ongchu, Phortse

*

Ongchu mdogo wangu, pole. Na sasa kaa vizuri, maana nitakusema.

Laso usinifundishe. Nimemwambia mama mkwe laso miaka thelathini, na kila mara nilijua nimeficha nini ndani yake. Wewe pia ulijua. Kama ilikuwa ni "nimekusikia" tu, mbona ulinyamaza alipotoa ile miwani? Ulimdanganya. Hilo tumelimaliza.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu. Viazi umevieleza vizuri hadi nikasikia njaa, kaka yako ukamwandikia mstari mmoja na "basi". Siku shwari, mgeni ana pumzi, kilele nusu saa. Aliyeshindwa kuendelea ni wewe. Miaka minane hujamwambia mtu kwamba unauogopa mgongo ule, na naona hata lama hukumwambia, sasa angekujibu nini? Kuogopa pale si dhambi, ndugu yangu, hata mimi ningekaa chini nikalia. Lakini umemwacha mama wa watu aubebe woga wako mpaka kwao akidhani ni ushindi wake.

Karatasi ile usiisaini. Chukua nyingine umwandikie mwenyewe, usimtafute mwalimu wa kukunyooshea maneno. Mweleze mlifika wapi, kilibaki kiasi gani, laso maana yake nini, na nani amelala mbele ya pale. Atakasirika. Huenda asikuandikie tena, na usimdai msamaha. Barua iondoke Jumamosi hiyo hiyo. Kisha rudi kwa lama, umwombe amsomee kaka yako sala, na safari hii ukae mpaka mwisho. Na mgeni mwingine akitaka mlima huo, mwambie kabla hajafunga mzigo kwamba wewe unaishia kwenye kamba.

Umesema miwani aliielekeza mbele. Basi mumewe anakiona kilele tangu siku ile. Aliyebaki kuambiwa ni mkewe. Mwambie.