Kidirisha cha Odera

Jumatatu, 14 Julai 2025
Miezi minne leo tangu tumzike mume wangu, Odera. Mvua tangu asubuhi. Nimeshona sketi mbili za shule, moja nimekosea pindo.

Saa nne Sumeya amebisha ubaoni, akapitisha thermos. Duka lake la vitambaa na langu la ushonaji yametenganishwa na mbao tu. Odera ndiye aliyetukatia kile kidirisha, mwaka ule wa mvua nyingi, tusizunguke nje na chai. Akapiga msasa kingo zote — mikono ya dira, lile gauni pana la Sumeya, isinaswe! Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Jumatano, 16 Julai
Sumeya anahama. Kakake, Yusuf, amefungua duka Isiolo, anamtaka huko. Jumamosi hii! Aliniambia akiangalia kitambaa, si mimi.

“Perez, usinililie sasa, nitakata vibaya.”

Nikamwambia Isiolo jua litamkausha kama dagaa wa omena. Akasema afadhali, hapa Eldoret ameota kuvu. Tukacheka kidogo. Halafu kila mtu akarudi kazini.

Alhamisi, 17 Julai
Sijalala vizuri. Nimekumbuka siku Odera alipokufa. Sumeya alifika kwangu Yamumbi na sufuria nzima ya pilau, akidhani tunazika jioni hiyo, kama kwao Waislamu. Shemeji akamweleza: mochari kwanza, mikutano ya mazishi, kisha safari ya kumzika kwao Siaya. Wiki mbili.

“Wiki mbili! Na yeye anangoja wapi?”

Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Kila asubuhi alinitazama tu: Leo? — Bado. Kesho yake tena: Leo? — Bado. Wengine walisema “mwili”. Sumeya alisema “Odera”.

Jumamosi, 19 Julai
Ameenda. Lori lilifika saa moja. Ameniachia thermos.

Jumatatu, 21 Julai
Saa nne nikageukia kidirisha. Giza upande wa pili. Chai nimepika mwenyewe, haina ladha. Iliki ilikuwa yake.

Jumanne, 22 Julai
Mpangaji mpya amekuja. Musimbi, wa saluni. Sauti kubwa, adabu nzuri. Ameingia kwangu na nyundo mkononi.

“Mama, hicho kitundu nitakifunika, sawa? Kioo changu hakina ukuta mwingine. Kwani kilikuwa cha nini? Cha paka?”

Nilitaka kumwambia. Nikasema tu angoje kidogo. Akarudi kwake.

Naandika hapa juu ya cherehani. Namsikia anapima, misumari inalia mfukoni mwake. Ni haki yake, analipia ukuta huo. Lakini nitakaa hapa miaka yote nikitazama mgongo wa kioo?

Nimemimina kikombe cha chai. Nimebisha ubaoni mara mbili, kama Sumeya. Nimekiweka kidirishani.

Kikombe bado kiko pale, kinatoa mvuke. Musimbi hajakichukua. Lakini hata kugonga misumari hajaanza —