Ng'ombe Nane Katika Chumba Kimoja

Ndani ya meli,
Bandari ambayo siruhusiwi kuitaja.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Simiyu akisoma "murembe," mwache, mradi salamu zimefika. Goti lako linaendeleaje? Na nyanya yetu Kukhu, bado anagombana na kuku wa jirani? Mvua imekuja huko Bumula, au mahindi bado yamesimama tu kama yanaona haya? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa masikio. Baridi ya huku inaanza na masikio, na yangu, unavyojua, nilirithi ya Baba, kwa hivyo ina pa kushika.

Barua hii inaletwa kwa mkono na Ndiwa, kijana wa Cheptais tunayefanya naye kazi jikoni. Likizo yake imefika, yangu haijafika, na sababu utaisikia. Mchinjie kuku, maana amebeba jambo zito. Usimuulize yeye habari zenyewe. Anazijua zote, lakini kila akijaribu kuzieleza anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa wewe Simiyu, kaka yangu, najua barua umeishika wewe na umeshakohoa kama unavyofanya ukienda mbele kusoma somo kanisani. Sauti unayo, sikatai. Lakini sijasahau ile Jumapili uliyotangaza kwamba baada ya ibada kutakuwa na kura ya wazee wa kanisa, na watu wakaja na sahani. Leo nakuomba usome polepole, kwa sababu ndoa yangu iko mdomoni mwako.

Mama, kwanza kuhusu hii meli. Kukhu aliuliza kama inazama. Yetu haizami. Zinazozama ni zile tunazozilisha, tena zinazama kwa makusudi na watu wakiwa ndani. Zinaitwa nyambizi. Zinakaa chini ya maji wiki nyingi, halafu zinapanda juu zikiwa na njaa, na meli yetu ndiyo inazipelekea chakula, mafuta, vipuri na barua. Yaani tuko kama mama mwenye watoto watukutu: wanapotea, hawasemi walikuwa wapi, wakirudi wanauliza tu kuna nini cha kula. Mabaharia wake wanatoka weupe kama viazi vilivyochipuka gizani. Nimeona mtu mzima akikumbatia kitunguu. Siku moja niliwapikia ugali, mmoja akauliza hii keki ni ya sikukuu gani. Nikamwambia ni ya Jumanne.

Nilipofika, vitanda vilikuwa vimejaa. Hilo sikukuambia ili usilie. Nililala kwenye stoo ya viazi, juu ya magunia, kama mlinzi wa shamba, na meli ikiyumba viazi vinahama, nami nahama navyo. Basi siku ile fundi mmoja alipohamishwa, nikapewa kitanda chake, nilifurahi mpaka nikakimbilia simu ya meli kabla hata sijatandika shuka. Ndiyo siku ile uliyopiga vigelegele, Mama. Mimi nikadhani, kweli mama ni mama, anashangilia hata kitanda.

Hebu kumbuka vile tulivyoongea.

Mimi nilisema, "Mama, nimepata mahali! Mahali mzuri sana!"

Wewe ukasema, "Ati umepata? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Yangu peke yangu."

"Nyasaye wangu! Iko ngapi?"

Nikaona, mama anataka kujua tunalala wangapi. Nikasema, "Iko nane kwa chumba moja."

"Nane! Chumba moja! Si zitaumizana?"

"Hapana, zimepangwa juu kwa juu."

Halafu ukauliza, "Na ni mnene, ama ni ile ya kukonda?"

Nikakumbuka godoro. "Mnene, Mama! Hata huwezi kugusa mbao."

Basi ukapiga vigelegele, simu ikakatika, na mimi nikapanda kulala. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini changu kiko juu, inabidi kupanda ngazi. Nililala usingizi mtamu, sijui kwamba huko nyumbani nimeshakuwa tajiri.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituchapa miaka yote ile kwamba mahali ni pazuri, si mzuri. Tukasema mzee anatusumbua bure. Ningesema "pazuri" ungeelewa ni pa kulala. Nikasema "mzuri," na ulimi wetu sisi watu wa Bungoma, ambao haujawahi kuona tofauti ya L na R, ukafanya yaliyobaki. Wewe ulisikia nimepata mahari, ng'ombe wa kuoa. Mimi nilikuwa nimepata pa kulala.

Sikujua lolote mpaka Nekesa wangu aliponipigia kutoka Kitale. Mama, unamjua Nekesa. Yeye hachelewi kucheka, lakini siku hiyo hakucheka hata kidogo.

"Niaje, tajiri," akasema.

"Tajiri wa nini?"

"Si baba yako mdogo Wanyonyi alikuja kwetu na kofia, akaambia baba ati ng'ombe nane ziko tayari, ziko ng'ambo, zinangoja tu usafiri. Baba ameanza kujenga boma. Leo amekuja dukani kununua senyenge. Barasa, unajua ni nani alimpimia?"

Nilijua. Nekesa anauza kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi la yule Kalasinga mzee, karibu na stendi.

"Ni mimi," akasema. "Nimepimia baba yangu senyenge na mikono yangu, hata bosi akamwongezea misumari ya bure juu ya furaha. Sasa niambie hizo ng'ombe ziko wapi."

Nilipomweleza, alicheka kwanza. Alicheka mpaka nikasikia mteja akimuuliza kama ni mgonjwa. Kisha akaniambia jambo ambalo halijaniacha. Baba yake, Mzee Khaemba, ametangazia ukoo wake wote. Wageni wetu wakija bila ng'ombe, atasema tumemfanyia mzaha mbele ya watu, na habari yangu imeisha hapo. Nikamwambia Nekesa si amweleze tu baba yake. Akakataa.

"Mimi msichana ndiyo niende kusema ng'ombe zangu ni kitanda? Atasema nimeanza kulala kwa hiyo kitanda. Aende mama yako, amwambie macho kwa macho. Mtu nitamngoja, Barasa, hata ukichelewa. Lakini sitangoja herufi."

Nikapiga simu nyumbani siku hiyo hiyo. Unakumbuka?

"Mama, si mahari! Ni mahali!"

"Ndiyo mwanangu, mahari, nimesikia hata ile siku."

"Hapana, ni mahali, ya kulala!"

"Zitalala, Barasa, usiogope. Khaemba anajenga boma."

Nikatuma ujumbe wa maandishi, nikasema maandishi hayana ulimi. Simiyu akausoma kwa sauti mbele ya Wanyonyi, na nasikia Wanyonyi akasema, "Kijana anarudia jambo hilo hilo, ana furaha sana." Hapo ndipo nilipokata tamaa na simu.

Nikaona dawa ni kuja mwenyewe. Na Mungu hamwachi mja wake, kwa sababu wiki ile ile kulitangazwa mashindano ya kulenga shabaha kati ya meli yetu na nyambizi moja iliyokuja kuchukua chakula, na mshindi apewe likizo ya mapema pamoja na tiketi ya ndege mpaka kwao. Mama, usishike kifua. Si bastola ya kuua mtu. Ni ya upepo, inarusha kirisasi kidogo kuliko punje ya mtama, na haina kelele kuliko mtu anayetema mbegu. Unasimama kiubavu, unanyoosha mkono mmoja, ule mwingine unautia mfukoni kama mtu anayengoja chai. Kisha unashusha pumzi na kungoja mkono utulie.

Wenzangu walicheka kuona mpishi kwenye foleni. Hawakujua nimekulia kwenye shamba la wimbi nikifukuza ndege kwa manati. Nilifanya mazoezi jikoni kwa kunyoosha mkono nikiwa nimeshika chupa ya mafuta ya kupikia, Ndiwa akinihesabia, mpaka supu ikaungua na nikakemewa. Kila nikilenga nilikuwa naona boma jipya la Mzee Khaemba, tupu, na Nekesa amesimama mlangoni.

Siku ilipofika tulisimama wawili wawili. Mbao za shabaha zilikuwa mbili, wa kushoto umeandikwa L na wa kulia R, kwa herufi kubwa za Kizungu. Mimi nilisimama kushoto. Kulia kwangu alikuwa fundi mitambo wa ile nyambizi, mrefu kama mlingoti, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ameona kitu chochote kilicho mbali kuliko ukuta wa chumba chake. Mwamuzi hakuinua kichwa. Aliuliza jina, kisha akauliza niko ubao gani.

Nikamjibu vizuri kabisa, kwa sauti. Akaandika.

Mama, nilipiga! Sijisifu, Ndiwa yuko hapo mbele yako na kuku wake, atakwambia. Kirisasi baada ya kirisasi kiliingia kwenye kile kiduara cha katikati mpaka karatasi ikatoboka pale tu na kwingine ikabaki safi. Yule fundi alitoboa karatasi yake kila kona, na nadhani kimoja kilipiga ukuta. Nikaweka bastola chini nikijua niko njiani kuja Bumula. Nilikuwa nishaanza kufikiria nitakununulia nini uwanja wa ndege.

Wakasoma matokeo. Mshindi, fundi mitambo. Wa mwisho kabisa, mpishi.

Nikamwendea mwamuzi mbio. Nikamwambia, mimi nilikuwa ubao wa L. Akanionyesha alichoandika: R. Nikamwambia, lakini nilikwambia! Akasema, ndiyo, ulisema R, na sasa hivi umeirudia. Nikaitamka tena polepole nikimtazama usoni. Akanishukuru kwa kuthibitisha.

Nilitoka nje nikakaa juu ya kamba za meli. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Ulimi huo huo ulionipa ng'ombe nisio nao ndio ulioninyang'anya tiketi niliyoishinda. Yule fundi alikuja jikoni kuaga kabla ya safari, akaniambia kwa siri kwamba hata ubao hakuuona vizuri, alikuwa anapiga kwa imani. Nikamfungia mandazi ya njiani. Ningefanya nini tena?

Kwa hivyo, Mama, siji mwaka huu. Mkataba wangu ukiisha nitakuja na jasho langu, na ng'ombe wa Nekesa tutawanunua pale sokoni Misikhu, wenye kwato na mikia, si wa simu. Kwa sasa sina hata mmoja. Nakuomba, panda uende Kitale kabla siku ya wageni haijafika. Usimtume Wanyonyi, atavaa ile kofia na kuongeza wawili. Nenda wewe mwenyewe, ukae na Mzee Khaemba, umweleze kwamba hakuna aliyemdharau. Kosa ni la ulimi wetu sote. Senyenge yake isiozee bure, afungie mbuzi kwanza.

Nampenda huyu msichana, Mama. Huku kuna maji pande zote, na watu wanaozama na kuibuka bila kusema neno, na usiku nikipanda kile kitanda kizuri nawaza tu kwamba sauti yake ndiyo ninayotaka kuisikia nikizeeka. Naogopa kumpoteza kwa ajili ya herufi moja. Ningepewa nichague, ningerudi kulala na viazi.

Nisalimie Kukhu, mwambie meli bado inaelea. Nisalimie baba mdogo Wanyonyi, na umwambie kwa heshima avue kofia. Nisalimie senge yetu wa Misikhu, dada yake Baba, na wanawake wenzako wa kwaya waliopiga vigelegele pamoja nawe. Waambie wasivirudishe, wavihifadhi tu, siku yake itafika.

Sasa Simiyu, nywa maji. Maneno yanayofuata ndiyo Mama atakayoyabeba mpaka Kitale, na nimeyachagua usiku mzima moja moja. Hakuna hata moja lenye ile herufi wala ile nyingine. Hata wewe, kaka yangu, hapa huna la kuharibu. Simama usome kwa ile sauti ya kanisani:

Mama, sina ng'ombe. Nina kitanda. Nampenda Nekesa. Angoje, nakuja.

Wako mwanao,

Barasa

(Jina someni mnavyotaka.)